Bahari Ndani ya Kisima cha Gitothua

Saa tisa na robo alasiri, Jumamosi moja mwishoni mwa miaka ya hamsini, baba mkwe wangu alishuka kwenye baiskeli mbele ya chumba changu mjini Thika, akafungua leso na kuweka mezani donge la mwamba mweupe.

"Limetoka futi ya arobaini," akasema. "Niambie kama chini yake kuna maji."

Alikuwa akichimbiwa kisima nyumbani kwake Gitothua, upande wa Ruiru, kwa shilingi nne kila futi. Mapatano yalikuwa makali: akisimamisha kazi kabla ya maji kupatikana, alichokwisha kulipa hakirudi.

Mimi si mtabiri wa maji. Kiwandani kazi yangu ilikuwa kutafuta ukungu katika maji ya mananasi kwa hadubini. Nyumbani nilikuwa na hadubini nyingine, kuukuu, niliyoinunua mnadani, na kitabu cha visukuku nilichokiagiza kwa posta. Nikasaga kona ya donge, nikaosha unga ule, nikatazama.

Niliona magamba madogo ya mviringo, yameshikamana kama vishada vya zabibu. Kitabu kilieleza kwamba viumbe vidogo wenye magamba hayo huelea juu ya bahari, hufa, na magamba yao huzama hadi kilindini, ambako tope hugeuka mwamba. Kila enzi ina maumbo yake, hivyo umbo la gamba hutaja umri wa tabaka. Haya yalikuwa ya enzi za mijusi wakubwa.

"Baba, humu mna viumbe vidogo vya bahari ya kina kirefu," nikasema. "Lakini mawe ya Ruiru ni ya volkano. Nipe nafasi nihakikishe."

"Bahari ni chumvi. Sitanunua chumvi kwa futi. Kesho nikitoka kanisani namsimamisha fundi."

Alikuwa mzee wa kanisa. Mlangoni aligeuka, akasema kwamba angalau sasa anajua Gharika ilipitia Gitothua.

Jumapili, kibali cha safari cha siku zile za Hali ya Hatari mfukoni na hadubini nyuma ya baiskeli, nilifika kabla yake. Fundi wa kisima, mtu aliyetoka magharibi mwa nchi, alikuwa amekaa kando ya shimo.

"Mwalimu wa mawe," akasema. "Mzee anasema umekuta samaki."

"Si samaki. Ni wadogo zaidi."

"Basi hawatoshi mboga."

Nikamwomba donge jingine la futi ile ile. Akalichagua, akachomoa kipande cha chaki nyuma ya sikio, akaandika 40 kwenye kona yake, weupe juu ya weupe.

"La jana uliliandika pia?"

"Naandika yote. Mkwe wako hubishana juu ya futi hata akiwa amesimama hapa."

Nikavunja donge, nikachukua unga wa katikati tu. Ulikuwa vipande vya kioo, majivu ya volkano, bila gamba hata moja. Kisha nikasaga chaki yenyewe. Magamba yalijaa tele, umbo lile lile, ukurasa ule ule wa kitabu.

Baba mkwe alipofika nilimwambia umri niliupata sawasawa, ila ulikuwa umri wa chaki. Chaki ile ilikuwa tope la kilindini lililogeuka mwamba, likachimbwa ng'ambo na kuletwa madukani. Aliinama kwenye hadubini kwa muda mrefu, jicho lisilohusika likiwa wazi na linalohusika limefungwa. Nikamrekebisha.

"Kwa hiyo bahari ilikuja Gitothua kwa gari moshi," akasema hatimaye.

"Ikapanga chumba sikioni mwangu," fundi akasema. "Mzee, nishuke au nisishuke?"

"Shuka."

Alhamisi maji yalipatikana. Mama mkwe aliyapikia chai, na hakuna aliyelalamikia chumvi. Baba mkwe akaniagiza nimpigie hesabu ya faida ya hadubini. Futi arobaini zingepotea bure: shilingi mia moja na sitini. Fundi alinitoza senti kumi za chaki niliyoisaga. Zilizookoka ni shilingi mia moja hamsini na tisa na senti tisini.