Nyayo za Jumanne Asubuhi

Orpha Ingeborg Haugen, binti wa Selmer Haugen aliyelima kwa farasi ardhi ambayo wenzake waliikimbia, mjukuu wa Gunhild aliyejifungua kwenye nyumba ya udongo huku tufani ya theluji ikivuma nje. Orpha mwenyewe ndiye aliyefundisha shule ya chumba kimoja pale njia panda, akiwasha jiko kwa mkono wake kila alfajiri, mpaka serikali ilipoifunga na kuwapakia watoto kwenye basi la manjano kwenda mjini.

Basi hilo ndilo lililomrudisha mjukuu wake Nels akiwa bubu. Mwaka mzima hakutamka neno. Ndipo mama yake, Marlys, binti wa Orpha, akamtoa shule pamoja na dada yake Kari, kimyakimya, akawa anawafundisha jikoni. Nels akaanza kusema tena, kwanza na mbwa, kisha na watu.

Lakini sheria ya jimbo miaka ile ilikuwa ngumu. Anayefundisha nyumbani sharti awe na cheti cha ualimu, na ofisi ya elimu ijulishwe kwanza. Marlys hakuwa na cheti, wala hakujulisha mtu; na Orpha alishastaafishwa na kifua kibovu. Wakaishi kwa kujificha: mapazia yamefungwa, watoto hawatoki mpaka basi lipite jioni.

Kosa likaja na theluji ya kwanza. Mtoto gani angevumilia? Marlys alikuwa zizini akikamua. Aliporudi, ua mzima umejaa nyayo za viatu vidogo, na ni Jumanne asubuhi, siku ya shule. Upepo, unaovuma kule tambarare kila siku ya Mungu, siku hiyo ukagoma kuzifuta. Orpha akazitazama dirishani.

Kabla ya chakula cha mchana gari la polisi likaingia taratibu, likasimama. Muda mrefu hakushuka mtu, kisha akatoka Lowell, polisi aliyesoma kwa Orpha utotoni.

"Hodi, Mwalimu."

"Karibu, Lowell. Vua viatu. Siku hizi umeacha kula chaki?"

"Mwalimu, usinichekeshe, niko kazini."

Orpha akamkaribisha kahawa. Kwao mtu hukataa mara mbili kwa adabu, ya tatu hupokea. Lowell akakataa na ya tatu. Hapo Orpha akajua amekuja kwa ubaya.

"Nimeziona nyayo," Lowell akasema. "Na jaji keshawatoa kwao watoto wa akina Tollefson, waliofundishwa nyumbani kama hawa; wako kwa watu baki. Ama hawa warudi shule, Marlys, ama nionyeshwe mwalimu mwenye cheti. Vinginevyo ni mahakamani."

Nels alikuwa mlangoni, mdomo ameufumba kama zamani.

Orpha akainuka huku anakohoa. "Mwalimu si huyu hapa? Cheti changu ni cha maisha. Nenda kaulize. Na barua ya kuijulisha ofisi inakwenda leo."

"Najua ni cha maisha." Lowell akakitazama kifua chake kinavyohangaika. "Maisha yako, Mwalimu. Yakiisha, nitarudi. Sipendi, ila nitarudi."

"Basi panga foleni. Kuna mwingine ananisubiri kabla yako."

Lowell hakucheka. Gari likaondoka likizikanyaga nyayo.

"Marlys," Orpha akasema, "Januari unaingia chuo cha ualimu."

"Mama! Na ng'ombe nani atakamua?"

"Wauzwe. Watoto nitawafundisha mimi, na pumzi hii nitaishikilia mpaka urudi na cheti chako. Ila usikawie, mwanangu. Usikawie hata kidogo."