Kadi Yangu Ndani ya Begi la Mume

Mume niliyeishi naye Alby, Sweden, alikuwa na begi jeusi la ngozi, na ndani yake karatasi zote za nyumba, pamoja na kadi yangu ya ukaazi. Kwetu Bukavu karatasi hukaa kwa baba, basi sikuona ubaya. Nililetwa Sweden kwa kibali cha ndoa. Chuo kikuu cha serikali hakimtozi ada mwenye kibali hicho, ila lazima akithibitishe kabla ya siku ya mwisho. Asipothibitisha huhesabiwa mgeni, na mfagiaji wa ofisi kama mimi hawezi kuilipa ada ya mgeni.

Niliomba kusomea uuguzi. Nikamwomba kadi. "Kesho," akasema. Kesho yake begi liko kazini, keshokutwa limesahauliwa kwa rafiki, mtaa wa Hjulsta. Siku ya mwisho ikapita, nafasi ikaenda. Jioni ile ile nikamsikia akimwambia ndugu yake kwenye simu, huku anacheka, kwamba mwanamke akishasoma hapa hashikiki tena. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa na ufunguo wa nyumba.

Wiki moja baadaye karani wa uhamiaji akaniambia, kwa upole wa kuudhi, kwamba ningeweza kuomba nakala ya uamuzi wao wa kibali siku yoyote, na chuo kingeipokea badala ya kadi. Mimi mwenyewe, bila mume. Nililia barabarani, kisha nikaacha kulia nikaanza kumchukia, na chuki ile ilinipa nguvu.

Niliondoka. Nikapata kibali changu kwa kazi ya kutunza wazee, nikasoma uuguzi nikiwa na miaka arobaini. Naye akaoa tena, binti kutoka Uvira. Mwaka jana, baada ya ibada kanisani Spånga, binti huyo alinivuta kando, penye makoti, akaniita dada kwa Kiswahili cha kwetu.

"Yaya, nimeomba ualimu. Karte yangu iko mu begi ya bwana. Anasema kesho."

Moyo ulinidunda kwa furaha, nakiri. Tuliketi palepale tukaandika ombi la nakala kwa simu yangu. Nakala ilifika siku nne kabla ya siku ya mwisho. Tuliituma chuoni tukiwa jikoni kwangu.

Binti alipokubaliwa chuoni, yule bwana alinipigia. "Umeniharibishia bibi!" Nilimwacha apige kelele mpaka sauti ikamkauka, nami nimekaa, miguu juu ya kiti.

Kanisani wanasifu huruma yangu. Sikutaka binti naye adanganyike, nikamwambia: sikufanya kwa ajili yako, nilitaka mumeo aumie.

"Ninajua, yaya," akasema. "Ndio maana nilikuya kwako."