Waliokauka Jasho

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha dawa cha gereza moja la upande wa Jinja, nilipewa kipimajoto, nikakivunja kabla ya chai. Mimi nilikuwa askari wa mlangoni tu. Shule niliachia darasa la nne. Lakini niliweza kusoma majina ya dawa, na mwenzangu aliyekuwa na kazi hiyo alikuwa ametoroka na godoro la wagonjwa. Habari ya godoro ni ndefu, niiache. Sajini wa zahanati alitazama vioo sakafuni, akasema, "Basi utatumia mkono, bwana. Huo hauvunjiki."

Ndivyo nilivyotibu watu. Kiganja kwenye paji la uso. Mwili ukiwa moto ni malaria, sindano ya klorokwini, nenda kalale. Wafungwa waliniita musawo, yaani daktari, nami sikuwakatalia. Nani angekataa? Mwisho wa mwezi tulijaza fomu ya kupeleka wilayani. Ilikuwa na mistari yake: malaria, kuhara, kifua, vidonda. Ugonjwa usiokuwa na mstari sisi hatukuwa nao.

Wafungwa walilima shamba upande wa Budondo, kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa nane mchana. Saa hizo ziliwekwa na watu wa zamani, waliozoea mvua inayokuja kwa wakati wake. Miaka ile ya tisini kiangazi kilikuwa kimeanza kutambaa. Mwezi wa tatu, ambao tulizoea kupanda mahindi kwenye tope, jembe lilitoa vumbi kama unga. Siku hizi redio inasema mabadiliko ya tabianchi asubuhi na jioni. Sisi tulisema jua limekuwa kali, tukaendelea.

Kulikuwa na mfungwa mmoja wa kabila la Wateso, Okiror, aliyefungwa kwa sababu ya ng'ombe wa shemeji yake. Mcheshi sana. Nikimgusa usoni anasema, "Musawo, mkono wako baridi kama salamu ya mama mkwe." Siku moja saa sita alianza kujibizana na watu ambao hawapo, akapepesuka, akaanguka kwenye matuta.

"Anacheza huyo, Afande," alisema katikiro, yaani mfungwa anayesimamia wenzake.

Nilimgusa. Alikuwa moto kama sufuria. Na alikuwa mkavu. Hilo nililiona, ndilo linalonisumbua. Wenzake wote walichuruzika jasho, yeye ngozi ilikuwa kama karatasi. Nikajiambia, jasho la homa bado halijatoka. Nikampiga sindano, halafu nikamfunika blanketi, maana mtu wa malaria hufunikwa.

Alikufa kabla ya hesabu ya jioni.

"Andika malaria," Sajini aliniambia.

"Afande, asubuhi alikuwa mzima. Alikula posho yake na ya jirani."

"Fomu ina mstari gani mwingine?"

Nikaandika.

Baadaye nilihamishiwa Mbale, kwenye gereza lenye shamba upande wa Busiu. Huko alikuwa akija tabibu mmoja mama, wa kabila la Wagisu, mkali, anayetafuna karanga huku anapima watu. Alinikuta nikigusa mapaji ya nyuso. "Ingiza mkono chini ya shati, mgongoni," alisema. "Mtu akiwa moto hivyo na akili imepotea, huyo jua limemshika. Wengi hukauka, si wote. Usianze na sindano, anza na maji. Na ukimfunika umemuua."

Nilitoka nje nikazunguka jengo mara tatu. Aliponiuliza nina nini, nilisema tumbo.

Haukupita mwezi, mfungwa mwembamba aitwaye Mudoma alianza kulima njia badala ya tuta. Koplo wa shamba alimwambia asimame juani mpaka akili imrudie. Niliingiza mkono mgongoni mwake. Moto, mkavu. Maji yaliyobaki yalikuwa pipa moja, ya kumwagilia miche ya kabichi ya OC, mkubwa wetu wa gereza.

"Hayo ni maji ya OC," Koplo alisema.

"Mwambie nimeyamwaga."

Tulimvuta kwenye kivuli cha lori, nikamvua shati, nikammwagia pipa zima huku wenzake wakimpepea kwa magunia. Nilimwita Okiror bila kujua. Muda mrefu ukapita. Ndipo akafungua macho, akasema kwa hasira, "Musawo, umelowesha tumbaku yangu." Koplo akasikia, akaichukua tumbaku.

Asubuhi nilisimama mbele ya OC.

"Alikuwa na nini?"

"Jua, Afande."

"Jua si ugonjwa. Nionyeshe kwenye fomu."

Nikachukua kalamu mezani pake, nikachora mstari chini kabisa, nikaandika JUA. Alinifukuza ofisini. Baada ya siku mbili akaniita tena, akiwa amesimama dirishani. "Miche yangu yote imekufa," alisema. "Kwa siku moja bila maji." Akanigeukia. "Kuanzia kesho watatoka saa kumi na mbili, warudi saa tano." Wilayani waliukata mstari wangu kwa wino mwekundu. Kila mwezi niliuchora tena.

Sasa nimestaafu, nakaa Mafubira. Saa sita ikifika siwezi kukaa. Nazunguka kwa wafyatua matofali, kwa vijana wa bodaboda, natia mkono migongoni mwao. "Mzee anatafuta nini?" wananicheka. Mke wangu ameacha kuniita chakula kikiwa moto.

Mwaka jana nilirudi kwenye lile gereza la kwanza kuomba wanisahihishie neno moja. Binti wa rejista alinisikiliza kwa adabu. "Babu, vitabu vya miaka ile vililiwa na mchwa."

Ningefurahi kwamba uongo wangu umeliwa, lakini sikufurahi. Basi naliandika hapa, ambapo hakuna anayenipangia mistari: Okiror hakufa kwa malaria. Alikufa kwa jua, saa za kazi, na blanketi nililomfunika mimi.