Nguzo ya Antena ya Mama Laurinda

Mume wangu Arsenio ana ugonjwa mmoja: jambo likimgomea, hulaumu kilicho mbele ya macho yake. Wiki ile yote kilichokuwa mbele ya macho yake ni kompyuta, nami nilitamani kuitupa mtoni Ruvuma.

Ni karani wa wakala wa forodha Bandari ya Mtwara, na huku kijijini Mahurunga huja mwisho wa wiki tu. Safari hii aliomba likizo kwa ajili ya mama yake, Mama Laurinda, ambaye miguu imemwisha na hatoki chumbani. Kitindamimba wake, Claudia, aliolewa ng'ambo ya mto, Msumbiji, na tangu kuvuka kulipoanza kuwa kwa taabu hawajaonana. Sasa Claudia alituma ujumbe: Jumapili kwaya yao itaimba kwenye televisheni ya huko, na yeye ndiye atakayeanzisha nyimbo. Kituo chenyewe hakirushi kwenye intaneti. Mama akasema, "Nikimwona mara moja tu, basi."

Televisheni hatuna. Arsenio alikuwa na kompyuta kuukuu ya ofisini aliyoiwekea mfumo wa Linux, akanunua na king'amuzi cha mtandao: waya wa antena unaingia kwenye kisanduku, kisanduku kinapeleka picha kwa mtandao wa nyumbani mpaka kwenye kompyuta, kitandani kwa mama. Kwa kuwa nyumba yetu iko bondeni, antena ilisimamishwa juu ya nguzo ndefu, karibu na jiko la nje. Nguzo aliichimbia Fundi Idrisa, na mama alimsimamia kwa kupiga kelele dirishani.

Kisha mateso yakaanza. Kompyuta ilikiona kisanduku, taa ya kijani inawaka, lakini kila ikitafuta chaneli inasema hakuna. Hata za Tanzania hakuna! Arsenio akafuta programu, akaipakua upya, bando likaisha. Akaweka programu nyingine. Akabadili masafa. Akaandika maagizo marefu kwenye dirisha jeusi, kompyuta ikamjibu kwa Kiingereza kirefu zaidi.

"Baba Elia," nikamwambia, "si ukaangalie waya kwanza?"

"Mama Elia, waya mpya, nguzo mpya. Shida iko humu ndani. Niache."

Nikamwacha, tena kwa hasira. Ugali ukapoa mezani, akaula bila kujua anakula nini.

Jumapili mama akaoga mapema, akavaa kitenge cha kanisani, akajifunga kilemba, tukamkalisha kwa mito.

"Arsenio, bado tu?"

"Inakuja, mama."

Saa ya kwaya ikafika. Hakuna. Arsenio akapiga meza mpaka kikombe kikaanguka, na hapo uvumilivu ukanishinda. Nikatoka, nikaenda kwenye nguzo, nikafungua maungio ya waya. Ndani yalikuwa meusi, yananata. Nikanusa: mafuta ya maganda ya korosho!

Kwetu nguzo haiingii ardhini bila kupakwa mafuta hayo, la sivyo mchwa wataimaliza. Lakini nani anapaka ndani ya waya? Nikakumbuka zile kelele za dirishani.

Nikamwita Arsenio. Alitazama mara moja tu, akaelewa, akaanza kukwangua kwa kisu na kufuta kwa petroli, mikono mitupu, wakati kila mtu hapa anajua mafuta yale yanavyobabua ngozi. Nikamletea mfuko avae mkononi. Hakunisikia.

Chaneli zikaja zote kwa mpigo. Ile ya ng'ambo ilikuwa na mwanamume mwenye tai, anazungumzia hali ya hewa kwa Kireno.

Mama akainama karibu na kioo. "Claudia yuko wapi?"

"Wamemaliza, mama," Arsenio akasema.

Mama akarudi kwenye mito. "Kwani kulikuwa na shida gani?"

Nilifungua mdomo. Niseme kweli, nilitaka mama aambiwe, maana nilikuwa nimechoka na nimekasirika. Arsenio akanikata jicho, vidole vyake vilivyoanza kuvimba amevificha nyuma.

"Ni kompyuta, mama. Mimi sikuiweka sawa."

"Nilijua tu. Vitu vyako hivyo vya mjini." Akaanza kufungua kilemba taratibu. "Na mimi nilihangaika na Idrisa, nikamwambia apake kila mahali, mpaka kwenye maungio, kutu isije ikaninyima mwanangu."

Akanipa kilemba nikikunje, akaomba alazwe.