Nilitundika Chakula, Laurenti Akafukuzwa

Admin, nifichie jina. Nina miaka tisini na mbili. Nimeishi Tabora zaidi ya miaka sitini, lakini kwetu ni Ihanda, Karagwe. Nimechoka kukaa na jambo hili peke yangu.

Miaka ya hamsini nilikuwa mpakiaji kwenye lori la kahawa lililokwenda Bukoba. Dereva alikuwa mtu wa Muleba, nitamwita Laurenti. Kila safari mama alinifungia ndizi na maharage kwenye jani la mgomba. Kwetu chakula hakiwekwi mahali pa kukanyagwa, basi nilikitundika kwenye kishikio kilichokuwa karibu na usukani. Laurenti alikivuta kishikio hicho asubuhi za baridi ili injini iwake, kisha akakirudisha. Nikitundika mzigo wangu, kishikio kilichomoka tena kidogo kwa uzito, kikabaki hivyo mpaka tule. Yeye macho yake yalikuwa kwenye kona na makorongo.

Lori likaanza kutoa moshi mweusi. Tukisimama Omurushaka, watu walimtania, "Laurenti, leo unapika nini?"

"Nampika tajiri wangu. Bado hajaiva."

Haikupita miezi mingi injini ikafa. Ilipofunguliwa, oili ilinuka petroli na silinda zilikuwa zimelika. Tajiri akasema Laurenti habadilishi oili.

"Waitu, bwana wangu, nabadilisha. Muulize huyu."

Nilisema ndiyo, maana nilimwona. Hatukuaminiwa. Alifukuzwa, na hakuna aliyempa gari tena.

Mimi nilikuja Tabora, nikapata kazi gereji. Huko nikasoma kitabu cha mafundi. Kile kishikio kilikuwa choki. Kikivutwa, hewa inapungua na petroli inazidi. Isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda, inashuka kuchanganyika na oili iliyo chini, na ringi za pistoni zinasaga chuma kikavu. Nilisoma ukurasa ule mara tatu. Sikumwandikia. Nilijiambia nitamweleza nikienda likizo, na likizo zikapita hadi akafa.

Juzi binti yake amenipigia. "Shikamoo baba. Tunajengea kaburi la mzee. Mliofanya naye kazi umebaki wewe tu. Mpaka leo tunaitwa watoto wa muua lori. Njoo useme mbele ya watu kama ni kweli."

Nimekata tiketi. Nishaurini: niseme pale kaburini watu wote wasikie, au nianze na yeye faragha? Kabla ya kukata simu aliniambia watanipikia ndizi na maharage. Baba yao aliwasimulia kwamba kila safari nilimgawia nusu.