Safu ya Jina la Mume

Mwaka 2009 akina mama arobaini na mmoja wa Igamba waliolewa kwa siku moja, bila mahari wala harusi, na wenyewe hawakuwa na habari. Aliyewaozesha ni Clever, karani wa chama cha wakulima wa kahawa, mtu mpole mwenye watoto wanne, na alifanya hivyo kwa nia njema kabisa.

Chama kilikuwa kimeletewa kompyuta ya kuandikisha wakulima. Fomu yake ilidai jina la mume wa kila mwanamke, na ukiacha wazi inagoma kuhifadhi. Clever alipofika kwa wajane akakuna kichwa, kisha akawaandikia shemeji zao. Tangu zamani mjane wa huku hupeleka kahawa ghalani kwa jina la shemeji, kwa hiyo hakuona kosa. Orodha ikabandikwa mlangoni. Tupokigwe, mjane wa mwaka wa sita na mwimbaji wa kwaya, akasoma kwamba mumewe ni Amoni, mdogo wa marehemu.

Alilia kwa hasira. Amoni yeye alichukua nakala, akatembea nayo kila kilabu akitangaza kwamba miche mia sita ya kahawa ya shemeji ni yake, karatasi imeshasema. Jumamosi baraza la kijiji lingekaa kuamua.

Enesi, binti wa Tupokigwe, alikuwa ameajiriwa majuzi hapo chamani baada ya kusoma kompyuta miezi mitatu Vwawa.

"Kompyuta haitaki wajane, dada," Clever alimwambia kwa huruma.

Enesi alichukia. Chuma kile kingejuaje mjane ni nani! Akajaribu kufuta jina la baba yake mdogo, fomu ikagoma. Hapo akaachana na fomu, akafungua kanzidata yenyewe, kule ndani taarifa zilikopangwa kwenye majedwali, akaandika: DESCRIBE wakulima. Yaani, hebu jieleze.

Jedwali likajieleza bila kinyongo, safu moja baada ya nyingine: inaitwaje, inapokea maneno au tarakimu, inapokea herufi ngapi, na je, yaruhusiwa kuachwa tupu. Namba ya simu, yaruhusiwa. Kitongoji, yaruhusiwa. Jina la mume, hairuhusiwi. Enesi alisoma mstari ule mara tatu. Kilichomwoza mama yake kilikuwa neno moja tu.

Angeweza kulibadilisha palepale, lakini jedwali halikuwa la nyumbani kwao. Alimfuata mwenyekiti wa chama, mzee Watson, akamleta mpaka mbele ya kioo cha kompyuta, akamwonyesha neno lile.

"Kwa hiyo si kompyuta?" mzee aliuliza.

"Si kompyuta, mzee. Kuna mtu alikaa huko mjini akaamua kila mwanamke lazima awe na mume. Aliandika mtu, na mtu anaweza kuandika vingine."

Mzee Watson aliinama, akausoma mstari mwenyewe. Dada yake mwenyewe alikuwamo kwenye orodha ile.

"Andika," alisema. "Mimi nitasaini."

Ilichukua mstari mmoja. Enesi akauliza tena, jedwali likajibu kwamba sasa safu ile yaruhusiwa kuachwa tupu. Wajane wakaitwa, wakaja wakicheka na kutukana kidogo, kila mmoja akitaka talaka yake haraka.

Jumamosi barazani mzee Watson alisoma orodha mpya yenye muhuri wa chama. Amoni alitetea karatasi yake mpaka akaulizwa ni lini alimwoa shemeji, na kanisa gani. Watu waliangua kicheko, naye akaketi. Shamba likabaki kwa mwenyewe.

Baadaye Tupokigwe aliomba kuiona orodha kwa macho yake. Alifuata mstari wake kwa kidole: jina, kijiji, miche mia sita. Kidole kikafika kwenye kisanduku kitupu, kikasimama hapo kwa muda.

"Hapa ni pa baba yako," alimwambia Enesi. "Wamemwachia nafasi yake."

Kisha akaomba nakala, akaikunja vizuri, akaenda kupalilia kahawa.