Santuri Nzito za Stoo ya Nyuma

Nilipomaliza kidato cha nne katikati ya miaka ya themanini, nilirudi Saboti kumsaidia mama shambani huku nikingojea kuitwa chuo. Tulivuna mahindi, tukapanda mengine, na sikuitwa popote. Mwishowe shangazi yangu aliyeishi Kitale akanitafutia kazi katika duka la redio karibu na msikiti, nikahamia kwake na lile sanduku la bati nililotoka nalo shule ya bweni.

Mwenye duka alikuwa Mwislamu wa makamo, mzaliwa wa mji huo ila wazazi wake walitoka pwani. Alizungumza Kiswahili kilichonyooka, kile ambacho sisi watu wa bara tulikisikia redioni tu, na kila nilipokosea alinisahihisha kwa upole, kama mtu anayekuondolea uzi kwenye nguo. Tuliuza redio, betri, tochi, santuri, na kanda za kaseti ambazo ndizo watu walikuwa wameanza kuzikimbilia. Walitaka rumba na nyimbo za injili. Kanda zikazidi hadi zikakosa pa kukaa, mwenye duka akaamua kuondoa santuri za zamani zilizorundikwa stoo ya nyuma.

Kulikuwa na mama mmoja mjini aliyechukua santuri zilizokosa wanunuzi. Alizilainisha kwa maji moto, akazikunja kingo, zikawa mabakuli yenye mawimbi, ya kuwekea maua ya plastiki. Sebule nyingi za Kitale siku hizo zilikuwa na bakuli la aina hiyo juu ya kitambaa cha kufuma. Kazi yangu ilikuwa kuzitoa santuri kwenye majalada yake na kuzipanga, tayari kwa huyo mama.

Majalada yenyewe ndiyo yaliyonichelewesha. Mimi nilizoea majalada ya wanamuziki waliovaa suti za kufanana wakitabasamu. Haya hayakuwa na watu. Moja lilikuwa na mti ulioota ndani ya beseni la kuogea. Jingine lilikuwa na jiwe kubwa lenye mlango. Jingine lilikuwa jeusi tupu. Mwenye duka alikuwa ameenda kuswali alasiri na duka halikuwa na mtu, kwa hiyo nikachukua lile la mti, nikaweka santuri kwenye gramafoni tuliyotumia kuwajaribishia wateja.

Nilidhani mashine imeharibika. Gita lilitoka zito, la kukwaruza, kama trekta linalopanda mlima na tela lililojaa magunia, na besi ikatikisa kioo cha kabati. Nikainua sindano, nikaikagua, haikuwa na vumbi. Nikairudisha. Mtu akaanza kuimba kwa sauti ya kuchoka, akirudia mstari uleule mara mbili, na gita likimjibu. Kisha kinanda kikaingia, kinanda kama cha kanisani, ila hiki kilikuwa kimekasirika. Nikangoja wimbo uishe. Ukapunguza mwendo, ikabaki filimbi peke yake, nikasema sasa ndio mwisho. Kumbe ulikuwa unageuka. Ngoma zikarudi kwa mwendo mwingine kabisa ambao mguu wangu haukuweza kuufuata. Upande mzima wa santuri ulikuwa wimbo mmoja.

Kilichonisaidia ni rumba. Rumba nzuri nayo huanza polepole, mtu akilalamikia mapenzi yake, halafu magita yanapokea na watu wanainuka kwenye viti. Nikajiambia kwamba hawa nao wanageuka vivyo hivyo, tofauti ni kwamba wao wanageuka mara nyingi na hawakuambii wanaelekea wapi.

Mwenye duka aliporudi alinikuta nimesimama katikati ya majalada, kazi haijafanyika. Nilingoja anigombeze. Yeye akavuta kiti.

Alinieleza kwamba santuri hizo ziliagizwa na mdogo wake mwanzoni mwa miaka ya sabini. Huyo mdogo wake alikuwa akisoma magazeti ya muziki ya Ulaya, akaamini kwamba vijana wa wazungu wenye mashamba ya Trans-Nzoia wangezinunua. Tena hakuagiza za wanamuziki waliovuma. Alisema zilizovuma kila mtu atakuwa nazo. Aliagiza za vikundi ambavyo hata kwao vilipigia watu wachache kwenye kumbi ndogo, vikatoa santuri moja au mbili, vikavunjika. Masanduku yalipofika, wazungu wengi walikuwa wameuza mashamba na kwenda zao. Mdogo wake akahamia Nairobi, akawa muuzaji wa vipuri vya magari, na hakupenda tena kutajiwa habari za muziki.

Nikamwomba asizitoe kabla sijazisikiliza. Alinitazama kwa muda, nadhani akijaribu kuona kama ninatania.

"Sikiliza," akasema. "Utakazozipenda ni zako. Usizozipenda ziwe mabakuli. Lakini mteja akiingia, weka rumba."

Basi ndivyo nilivyoanza. Kila alasiri, duka likitulia, nilisikiliza moja. Si zote zilikuwa nzuri. Kulikuwa na watu waliopiga gita kama wanaotafuta funguo gizani, wasizipate, na wengine walioimba kuhusu wafalme na majoka kwa sauti za kubana pua. Hao niliwaacha waende. Siku moja nilimtembelea rafiki ya shangazi nikaona bakuli mezani, na chini kabisa, kati ya maua, ile karatasi nyekundu ya katikati ya santuri, yenye jina la kikundi kimojawapo, ikisomeka vizuri. Sikusikitika. Bakuli lake lilimpendeza.

Zilizobaki nilizibeba nyumbani chache chache. Maneno sikuyaelewa, Kiingereza chao hakikuwa kile cha shuleni, lakini nilijua ni wapi mwimbaji angevuta pumzi na ni wapi gita lingemwacha aende peke yake. Nilikuwa msichana aliyekosa chuo, na wenzangu wengi walikuwa wameendelea. Sijui kama muziki ule ulinifariji. Nadhani ulinipa kitu cha kujua, kitu kirefu, ambacho sikuweza kukimaliza kwa siku moja.

Jumamosi moja nilikuwa nimeweka santuri ya lile jalada jeusi mwanamume akaingia. Alikuwa amevaa shati jeupe la mikono mifupi na viatu vilivyojaa tope. Nikaharakisha kwenda kwenye gramafoni, kama nilivyoagizwa.

"Tafadhali, dada," akasema, "usiitoe."

Alikuwa mwalimu wa sekondari huko Kamukuywa, upande wa Bungoma, naye alikuja kutafuta nyuzi za gita. Alisimama pale hadi upande ukaisha, kisha akauliza kama kuna upande wa pili. Aliponizoea kidogo akanisimulia kwamba alipokuwa chuo cha ualimu, mwenzake mmoja alikuwa na kanda iliyonakiliwa kutoka kanda nyingine, nayo imenakiliwa kutoka nyingine, hadi sauti ikawa kama mvua juu ya mabati. Ndani ya ile mvua kulikuwa na wimbo wa namna hii, mzito na wa polepole. Hakujua jina lake wala waimbaji. Akaniimbia kipande, akigongagonga kaunta kwa vidole. Sikuutambua.

Kuanzia hapo akawa anakuja karibu kila Jumamosi. Sababu ilikuwa kuutafuta wimbo ule kwenye masanduku. Hatukuupata, na nadhani baada ya miezi michache aliacha kuutafuta, ila hakuacha kuja. Mwenye duka alikuwa anatuangalia kwa pembe ya jicho. Siku moja aliniuliza, huku akifuta redio, kama huyu mwalimu anazo nyuzi za kutosha sasa, kwa maana gita lina sita tu.

Tulioana kabla muongo haujaisha. Mama aliuliza kama ni mtu wa kanisa na kama anakunywa, na alipojibiwa akasema basi. Mwenye duka alitupatia ile gramafoni ya kujaribishia, akisema sasa ni wakati wa kaseti na yeye haihitaji tena. Ikapakiwa kwenye pikapu pamoja na masanduku yangu, ikashuka nami hadi Kamukuywa.

Nyumba ya mwalimu haikuwa na umeme. Tulitumia betri ya gari, mume wangu akiifunga nyuma ya baiskeli kila ilipoisha na kuipeleka sokoni kuchajiwa. Kwa sababu hiyo hatukupiga muziki ovyo. Tulichagua kwanza, tukabishana, kisha tukakaa. Jumapili baada ya kanisa ndiyo ilikuwa siku yetu, madirisha wazi, na sauti ilifika hadi njia ya mtoni.

Maneno yakaanza. Majirani walisema bibi ya mwalimu ametoka Kitale na vitu, yaani uchawi. Mzee mmoja wa kanisa alipita, akasimama kwenye ua, akamwambia mume wangu kwamba kinanda ni cha Mungu na kile alichokisikia kimeibwa. Mume wangu alicheka, lakini mimi sikucheka. Nilikuwa mgeni pale, na nilianza kuogopa kwamba nitajulikana hivyo maisha yangu yote. Nilimwambia tuyafunge masanduku tuyaweke darini.

Kabla hatujayafunga, baba mkwe akaja. Alikuwa ameyasikia maneno hayo hadi kwake, na alitoka asubuhi kuja kuona kwa macho yake. Kwa desturi yao, mimi sikumpa mkono wala kuketi naye sebuleni. Nilisalimu kwa mbali, nikaingia jikoni. Kwa hiyo niliyafuata yote nikiwa nyuma ya ukuta, mkono wangu kwenye sufuria ya chai.

Baba mkwe alikuwa mpiga litungu, aina ya kinubi chenye nyuzi saba na kasha lililowambwa ngozi, na watu walimwita kwenye matanga na sherehe kila mahali hadi kuvuka mto. Lakini tangu amzike mkewe, mama ya mume wangu, aliitundika ukutani na hakuigusa. Watu walikuwa wameacha kumwita. Alimwambia mwanawe kwamba hakuja kusikiliza maelezo. Alitaka asikie kitu chenyewe.

Nilisikia mume wangu akipekua. Nilijua angechagua nini hata kabla sindano haijashuka. Ni wimbo mmoja usio na haraka, gita likilia peke yake kwa muda mrefu, halafu mwimbaji anaingia kwa sauti ya chini, kama anayesema na mtu aliyeketi karibu yake. Kinanda hakisikiki hadi karibu na mwisho. Nilisimama bila kukoroga chai. Wimbo ukaisha, santuri ikabaki ikikwaruza, na hakuna aliyeiinua sindano.

"Huyo mtu amefiwa na nani?" baba mkwe akauliza.

"Sijui, Baba."

Mzee akasema kwa lafudhi ya kwao, "Basi ludia."

Ukapigwa tena. Nilipopeleka chai mlangoni kumpa mume wangu aichukue, nilimwona mzee kwa upande. Alikuwa ameegemea mbele, na vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vinatembea juu ya goti. Hakusema kitu kingine kuhusu muziki siku hiyo. Alikunywa chai, akauliza habari za mahindi, akaenda. Lakini maneno ya majirani yalipungua, maana alipoulizwa njiani alijibu kwamba kwa mwanawe kuna mtu anaomboleza vizuri.

Haukupita muda tukasikia kwamba ametafuta ngozi mpya ya litungu. Akaja nayo Jumapili moja, akaketi mlangoni, akaipiga sambamba na santuri kama anayembishia yule mwenye gita. Mara ya kwanza zilipishana vibaya, akakasirika, akasema mzungu anakimbia. Mume wangu akainua sindano, akaupiga wimbo uleule kwa gita lake kwa mwendo wa polepole zaidi, na hapo zikakutana. Nilikuwa jikoni, mtoto wetu wa kwanza mgongoni, na nilimhisi akiruka kwa kufuata mdundo.

Miaka ya tisini ilipoingia, mume wangu alianzisha kikundi cha muziki shuleni. Wanafunzi walisikiliza santuri zetu kwa zamu, baba mkwe akawafundisha litungu, na wakatunga wimbo wao: mzito, wa polepole mwanzoni, wenye kugeuka mara kadhaa. Kinanda kiliazimwa kanisani. Aliyekileta ni yule mzee wa kanisa aliyesema kile cha santuri kimeibwa, na alikaa mstari wa mbele ili akitazame.

Siku ya wazazi wakaupiga uwanjani. Mgeni wa heshima alipiga makofi mapema, akidhani umeisha, kisha akapiga tena. Mara ya tatu alitazama kushoto na kulia kwanza. Nyuma kabisa, akina mama waliotoka sokoni na vikapu vyao wakaanza kupiga vigelegele pale litungu ilipobaki peke yake, na wale wanafunzi, ambao mazoezini walikuwa wakiharakisha mahali hapo kila siku, safari hii hawakuharakisha.

Tulirudi nyumbani kwa njia ya mtoni. Baba mkwe alitangulia na mjukuu wake mabegani, mimi nikafuata kwa mbali kama ilivyopasa. Hakuwahi kusema nami moja kwa moja kuhusu muziki. Kila alichotaka nijue alimwambia mtoto, kwa sauti ya kunifikia.

"Mwambie mama yako," akasema, "pale pa litungu katikati palikuwa pafupi."

"Mwambie babu," nikajibu, "mwaka ujao pataongezwa."

Mtoto hakumwambia yeyote kitu. Alikuwa anapiga kofia ya babu yake kwa viganja vyote viwili, akitafuta ule mwendo.